Pektini: gundi ya ndani ya tunda, inashika konfitiri na inalisha utumbo

Somo kwa wanamemba wa koperative za walimaji wa matunda



Katika mikutano ya walimaji wa matunda, malalamiko mawili yanarudia-rudia. La kwanza linatoka kwa wenye kutengeneza konfitiri: «Tumeweka sukari ya kutosha, tumepika muda murefu, lakini inabaki sawa maji. Muteja wa muji anageuza bokali, anaona inatiririka, anairudisha ku meza.» La pili linatoka kwa wamama: «Mutoto anahara, na nyumbani hatujui tumupe chakula gani, hata kama shamba imejaa ndizi.»

Watu wengi wanazani kama mambo haya mawili hayahusiane. Lakini yanahusiana sana. Kitu kimoja cha ndani ya tunda njo kinafanya konfitiri ishikane, na kitu kile kile njo kinasaidia utumbo kufanya kazi yake. Kinaitwa pektini. Na mara mingi kiko mahali penye tunatupa: katika ganda, katika nyama nyeupe chini ya ganda, katika mbegu, katika mabaki ya kitambaa cha kuchujia.

Katika somo hili tutaona pektini ni nini, namna ya kuichunga tangu wakati wa kuvuna, namna ya kuipima bila mashine, na kazi yake katika tumbo ya mutoto na ya mutu mukubwa.

1. Pektini ni nini?

Tunda limejengwa na vyumba vidogo sana, vyenye macho haiwezi kuona. Kati ya chumba na chumba kuko gundi yenye kuvishikanisha, sawa vile simenti inashikanisha matofali. Pektini njo sehemu kubwa ya gundi ile.

Pektini iko katika jamaa ya vitu vyenye wenye elimu wanaita polisakaridi. Maana yake ni sukari nyingi zenye zimefungana na kufanya munyororo murefu. Wanga wa muhogo ni polisakaridi, wanga wa ndizi mbichi vilevile. Nyuzi ngumu za maganda na za majani ni polisakaridi pia. Lakini ukionja wanga mukavu ao pektini, hausikie utamu. Ulimi unasikia sukari zenye zimeachana. Munyororo murefu haiusikie.

Mwaka wa 1825, Mfaransa Henri Braconnot njo aliieleza pektini na kuipa jina, kutoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya kuganda. Leo viwanda vinaitoa zaidi katika maganda ya ndimu na ya machungwa, na katika mabaki ya tofaa zenye zimekamuliwa. Wanaikausha, wanaifanya unga, wanauzisha kwa wenye kutengeneza konfitiri. Basi, kitu chenye tunamwaga nyuma ya nyumba, wengine wanakiweka ndani ya mufuko na kukitia bei.

Wenye wanakamua mutobe wanajua nguvu ya gundi hii, hata kama hawajui jina lake. Ukiponda ndizi mbivu peke yake, unapata uji muzito, maji haitoke. Pektini ni moja kati ya vitu vyenye vinashika maji katika uji ule. Njo maana wazee wetu wanafinyanga ndizi pamoja na majani: majani inashika uji, na maji safi inatoka.

2. Tunda linaiva, gundi inayeyuka

Hapa kuko jambo lenye kila mulimaji anapaswa kulijua, juu linaongoza siku ya kuvuna.

Wakati tunda liko bichi, pektini yake imefungwa kwa nguvu, haiyeyuki ndani ya maji. Njo maana tunda bichi ni gumu. Wakati linaanza kuiva, tunda lenyewe linatoa vitu vyenye vinakata ile minyororo mirefu polepole. Kwanza gundi inalegea na inaweza kutoka ndani ya maji ya moto: huu njo wakati muzuri kwa konfitiri. Kisha minyororo inaendelea kukatika, inabaki vipande vifupi, na tunda linakuwa teke-teke. Vipande vifupi haviwezi tena kushika konfitiri, hata ukiongeza sukari namna gani.

Ku wanga wa ndizi iko vilevile. Ndizi mbichi iko na wanga karibu gramu 20 katika gramu 100 za nyama yake. Ikiiva kabisa, inabaki gramu 1 ao 2 tu. Zingine zimegeuka sukari. Ndizi mbichi na ndizi mbivu, hata kama zimetoka ku mukungu moja, ni vyakula viwili tofauti kwa utumbo.

Kwa hiyo, wakati wa kuvuna mujiulize kwanza: tunda hili linaenda wapi?

- *Kama linaenda soko ya mbali:* vuna likikomaa lakini likiwa bado gumu, ili gundi ilishike njiani.
- *Kama linaenda ku konfitiri:* changanya. Kwa kilo 4 za matunda, kilo 3 ziwe zimeiva vizuri, juu ya harufu na utamu, na kilo 1 iwe karibu kuiva, juu ya pektini.
- *Kama limeiva kupita kiasi lakini halijaoza:* linafaa kwa kula leo ao kwa juisi ya leo. Usiliweke katika konfitiri ukizani litafichwa na sukari. Lenye kuoza ao lenye ukungu, usilitumie hata kidogo.

Koperative yenye inapokea matunda yote kwa kitunga kimoja na kwa bei moja inajifungia mulango. Mupime, mutenganishe ku meza ya kupokelea, kisha mulipe kufuatana na daraja.

3. Matunda yote hayako sawa

*Pektini nyingi:* ndimu na machungwa (zaidi ile nyama nyeupe chini ya ganda, ngozi ya vipande, na mbegu), mapera yenye hayajaiva sana, tofaa, ganda la marakuja.

*Pektini ya kadiri:* maembe yenye yanaanza kuiva.

*Pektini kidogo:* nanasi, frezi, maji ya marakuja.

Walimaji wa kisiwa cha Idjwi na wa sehemu zingine zenye mananasi mingi wataelewa mara moja. Nanasi liko na harufu nzuri, sukari na asidi, lakini halina gundi ya kutosha. Kupika muda murefu zaidi haiwezi kuleta gundi yenye haiko. Dawa yake ni kuazima gundi ku tunda lingine.

Neno moja juu ya ganda la marakuja. Ni kweli liko na pektini nyingi. Lakini marakuja yenye haijaiva, zaidi katika ganda lake, iko na sumu ya namna moja na ile ya muhogo wa uchungu. Basi musitumie hata siku moja ganda la marakuja mbichi. Kwa koperative yenye inaanza, ni vizuri kubaki na ndimu, machungwa na mapera. Maganda yenye yalipigwa dawa ya shamba, muyaache pia.

4. Kupima pektini kwa alkoli

Jaribio hili halidai mashine. Linadai kijiko, glasi, na alkoli ya nyuzi 90 yenye wanauzisha ku farmasi.

1. Chemsha tunda lako na maji kidogo paka lilainike. Chuja, chukua kijiko kimoja kidogo cha maji yake, uache ipoe.
2. Mimina ndani ya glasi. Ongeza vijiko vitatu vidogo vya alkoli. Tikisa polepole, usikoroge kwa nguvu.
3. Ngoja dakika moja, kisha inamisha glasi.

Kama unaona donge moja lenye kushikana, lenye unaweza kuinua kwa kijiti, pektini ni nyingi. Kama unaona madonge mawili ao matatu yenye kulegea, ni ya kadiri. Kama unaona vipande vidogo-vidogo tu, ao hakuna kitu, pektini ni kidogo: unapaswa kuongeza.

Angalisho: kile kiko ndani ya glasi kimwagwe chini. Mutu asionje, na watoto wasikaribie. Alkoli iwe mbali na moto.

5. Konfitiri ya nanasi yenye inashikana

*Kwanza, maji ya pektini.* Chukua nyama nyeupe na mbegu za ndimu na machungwa yenye mulikamua. Ondoa ile ngozi ya juu yenye rangi, inaleta uchungu. Kata vipande vidogo. Funika kwa maji safi, ongeza maji ya ndimu mbili, uache usiku muzima. Asubui, chemsha kwa moto mudogo dakika 30 mpaka 40. Chuja ndani ya kitambaa safi bila kufinya sana. Pima kwa alkoli. Kama donge halishikane, rudisha ku moto paka maji ipungue kidogo, kisha upime tena.

*Kisha, konfitiri yenyewe:*

1. Osha mananasi, menya, katakata. Pima kilo 5 za nyama.
2. Pima sufuria ikiwa tupu, uandike uzito wake. Usisahau: hesabu yote ya mwisho inaegemea hapo.
3. Weka nanasi, maji ya pektini vikombe 4 ao 5, na maji ya ndimu 6 hivi. Chemsha paka nanasi lilainike. Sukari bado. Ukiweka sukari mapema, inazuia pektini isitoke vizuri katika tunda.
4. Ongeza kilo 4 za sukari, ukoroge paka iyeyuke yote. Sasa ongeza moto, uchemshe kwa nguvu huku unakoroga.
5. Usipike sufuria kubwa sana. Ukipika muda murefu, moto na asidi vinakata minyororo ya pektini, sawa vile kuiva kupita kiasi kunaikata. Afazali kupika mara tatu kwa sufuria ndogo kuliko mara moja kwa sufuria kubwa.

*Utajua namna gani kama imeiva?* Kuko njia tatu.

*Sahani ya baridi.* Weka tone ku sahani yenye imepoa. Ngoja kidogo, sukuma kwa kidole. Kama ngozi ya juu inakunjamana, imefika.

*Mizani.* Konfitiri inashikana na kuchungika vizuri wakati sukari yote ni karibu gramu 65 katika gramu 100. Kilo 5 za nanasi ziko na sukari yake karibu gramu 600. Tumeongeza kilo 4. Jumla ni kilo 4 na gramu 600. Gawanya kwa 65, zidisha kwa 100: unapata karibu kilo 7. Basi, wakati sufuria na konfitiri, ukitosha uzito wa sufuria tupu, inabaki kilo 7, ondoa ku moto. Kama ni zaidi ya 7, maji ingali mingi. Kama imeshuka sana chini ya 7, unapoteza feza na konfitiri itakuwa ngumu sawa bonbon.

*Termometre.* Vitabu mingi vinasema konfitiri inaiva kwa nyuzi 104 ao 105. Vitabu vile viliandikwa kwa watu wa karibu na bahari. Huku kwetu ku milima, maji inachemka mbele ya kufika nyuzi 100. Ku bonde la ziwa Kivu, karibu metre 1,500 juu ya bahari, maji inachemka karibu nyuzi 95. Mwenye kungojea 105 pale ataunguza konfitiri yake. Kanuni nzuri ni hii: chemsha maji safi kwanza, soma termometre, kisha ongeza nyuzi 4 ao 5. Kama maji inachemka kwa 95, konfitiri yako imefika kwa 99 ao 100.

Jaza ndani ya bokali zenye zimechemshwa, konfitiri ikiwa ingali moto sana, funga mara moja. Andika siku na namba ya upishi. Konfitiri ikishindwa, namba ile itawaonyesha ni matunda ya siku gani, na ya daraja gani.

6. Pektini inafanya nini ndani ya tumbo?

Sasa tuache sufuria, tufuate tunda ndani ya mwili.

Sukari ya tunda inaingia katika damu kupitia utumbo mudogo. Lakini mwili wa mutu hauna kisu cha kukata munyororo wa pektini. Pektini inapita tumboni, inapita katika utumbo mudogo, inafika nzima-nzima katika utumbo mukubwa. Njiani inashika maji, inakuwa sawa uji mulaini, na inafanya sukari ya chakula iingie katika damu polepole.

Katika utumbo mukubwa kuko mikrobe mingi sana. Tumezoea kusikia mikrobe kama adui, lakini mingi kati ya hizi ni sawa mifugo ya nyumbani: ukizilisha, zinakulisha. Ziko na visu vyenye mwili wetu hauna. Zinakata pektini, na ule wanga wa ndizi mbichi wenye umefika paka pale, na kutoa asidi ndogo-ndogo tatu: asetati, propionati na butirati. Butirati njo chakula kikubwa cha ngozi ya ndani ya utumbo mukubwa. Tena, asidi hizi zinasaidia utumbo kurudisha chumvi na maji katika mwili.

Tukumbuke jambo hili la mwisho. Mutoto mwenye kuhara anakufa zaidi juu ya maji na chumvi zenye zinatoka katika mwili wake. Kitu chochote chenye kusaidia utumbo kurudisha maji na chumvi kinastahili kuangaliwa vizuri.

7. Ndizi mbichi na mutoto mwenye kuhara

Waganga wa Bangladesh, inchi yenye ndizi mingi na kuhara kwingi sawa kwetu, waliangalia jambo hili. Katika uchunguzi wenye ulitangazwa mwaka wa 2001, walichukua watoto wachanga 62 wenye walikuwa wanahara tangu majuma mawili ao zaidi. Kundi la kwanza lilikula uji wa muchele pamoja na ndizi mbichi yenye imepikwa, gramu 250 kwa kila litri. La pili lilikula uji wa muchele pamoja na pektini. La tatu lilikula uji wa muchele peke yake. Ku siku ya ine, katika makundi mawili ya kwanza, zaidi ya watoto 7 kati ya 10 walikuwa wamepona. Katika kundi la tatu, hawakufika 3 kati ya 10.

Kisha walitoka hospitali, wakaenda vijijini. Uchunguzi wenye ulitangazwa mwaka wa 2010 ulifuata karibu watoto 3,000 wa miezi 6 mpaka 36. Wamama wenyewe ndio walipika ndizi mbichi nyumbani. Watoto wenye walikula ndizi ile walipona mbio kuliko wengine.

Hii ni habari nzuri kwa nyumba zenye shamba la ndizi. Lakini tusiishike vibaya. Ndizi mbichi ni *chakula cha kusaidia*. Haichukue nafasi ya dawa. Fuateni utaratibu huu:

1. Maji ya SRO kwanza. Pakiti moja katika litri moja ya maji safi, mutoto anywe kidogo-kidogo, mara nyingi.
2. Ziwa la mama liendelee. Mutoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu. Usimupe ndizi wala uji.
3. Zinki. Munganga anaitoa kwa siku 10 mpaka 14. Musiikatize hata kama kuhara kumeisha.
4. Chakula kisikatizwe. Mutoto wa miezi 6 na zaidi, mwenye anakula tayari, aendelee kula. Hapa njo ndizi mbichi inaingia: chemsha bitoke na ganda lake paka ilainike, menya, ponda vizuri, changanya na uji wa muchele. Usiongeze sukari mingi.

Mupeleke mutoto ku kituo cha afya bila kungojea kama kuko damu katika choo, kama macho imeingia ndani, kama hawezi kunywa ao anatapika kila kitu, kama amelegea na analala-lala. Na kama anahara maji meupe sawa maji ya muchele, fikiria kolera. Inarudia-rudia katika sehemu zetu za maziwa, na inaweza kuua kwa masaa machache. Siku ile musitafute ndizi. Kimbieni ku kituo, mukimunywesha SRO njiani.

8. Na kwa watu wakubwa?

Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka wa 2023: kila mutu wa miaka 10 na zaidi ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na gramu 25 za nyuzi-nyuzi za chakula. Pektini inahesabiwa ndani ya nyuzi-nyuzi hizo. Katika gramu 100 za mapera kuko zaidi ya gramu 5 za nyuzi-nyuzi. Katika chungwa zima, gramu 2 ao 3 kwa kila gramu 100. Katika maji ya chungwa yenye imechujwa vizuri, haifike hata nusu gramu.

Juu ya nini tofauti hii? Juu kitambaa kimeshika zote. Mwenye kunywa juisi yenye imechujwa amekunywa sukari ya tunda, lakini mikrobe za utumbo wake zimelala njaa. Kwa hiyo chungwa lile na ngozi nyeupe ya vipande vyake. Nanasi ulitafune. Maharagi na sombe pia ziko na nyuzi-nyuzi mingi. Musizizarau kama chakula cha maskini.

Mwaka wa 2015, wachunguzi walitangaza jaribio lenye kufundisha. Walichukua Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijiji vya Afrika Kusini, wakabadilishana chakula kwa majuma mawili. Wamarekani walikula chakula cha kijiji chenye nyuzi-nyuzi mingi. Wanakijiji walikula nyama na mafuta sawa Amerika. Kwa siku 14 tu, butirati iliongezeka katika utumbo wa Wamarekani na ikapunguka kwa wanakijiji. Wenye wanatoka kijijini kwenda muji na kuacha chakula chao, wafikiri jambo hili.

Kama haujazoea nyuzi-nyuzi, anza polepole na ukunywe maji ya kutosha. Kuzidisha kwa siku moja kunajaza tumbo hewa.

9. Tusidanganye muteja

Mutu mumoja anaweza kusema: «Kama pektini ni nzuri kwa utumbo, tuandike ku bokali zetu: Konfitiri ya kuponya tumbo. Tutauzisha sana.» Hapana. Zaidi ya nusu ya konfitiri ni sukari, na pektini yake ni kidogo sana. Ni chakula cha furaha, kinapakwa kidogo ku mukate. Haiko dawa, na haiko chakula cha mutoto mwenye kuhara. Sukari nyingi inaweza kuzidisha kuhara kwake. Mama mumoja akisadiki bokali yetu na kuacha SRO, tumemupotezea mutoto.

Tuandike kile chenye tunaweza kuonyesha: jina la tunda, sukari, ndimu, uzito, siku ya kupika, jina la koperative. Konfitiri yenye inashikana vizuri, na yenye ni ile ile kila mwezi, inajitangaza yenyewe ku meza.

10. Ya kuzungumuza katika kikundi

1. Katika koperative yetu, ni mabaki gani ya matunda yenye tunatupa kila juma? Ni kilo ngapi? Mupime kweli, musikadirie.
2. Ni nani anatenganisha matunda ku mapokezi? Bei inafuata daraja ao hapana?
3. Maji inachemka kwa nyuzi ngapi huku kwetu? Mujaribu na mwandike ku ukuta wa nyumba ya kupikia.
4. Kwa wamama na wababa: ku nyumba zetu, ni ngapi ziko na pakiti ya SRO leo? Kituo cha afya cha karibu kiko na zinki?

Kazi ya juma hili: mupime matunda matatu tofauti kwa alkoli, moja bichi, moja lenye kuiva, moja lenye kuiva kupita kiasi, na mwandike matokeo katika daftari ya koperative. Mwezi ujao, wakati wa kupanga mavuno, mufungue ukurasa ule mbele ya kutuma watu shambani.